Dakika kumi na mbili za kuigiza kazi: je, nilionewa?

*"Shikamoo. Nina miaka 27, naishi Dar es Salaam, na nimefanya kazi ya huduma kwa wateja kwa miaka minne katika kampuni ndogo ya usafirishaji. Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa nafasi kama hiyo katika kampuni kubwa zaidi. Nilijiandaa kwa maswali. Tulipofika tukaambiwa hakuna maswali, kuna zoezi la vitendo la dakika kumi na mbili. Nikakalishwa mbele ya kompyuta yenye barua pepe sita za wateja, nizijibu. Nikiwa katikati simu ikalia: mtu anaigiza mteja aliyepotelewa na mzigo, anafoka kwa Kiingereza. Pale kazini kwangu, wateja tisa kati ya kumi wanaongea Kiswahili. Kibodi ilikuwa inakwama. Yule mwigizaji kuna wakati nilimsikia anacheka na mwenzake. Tulikuwa kama ishirini, na waliotoka mwanzo waliwasimulia waliobaki kila kitu. Mimi nilikuwa wa pili. Baada ya siku mbili nikapata ujumbe mfupi kwamba sikufanikiwa, basi. Miaka minne yangu imehukumiwa kwa dakika kumi na mbili! Mmoja kaniambia nilalamike, mwingine kasema ndivyo mambo yalivyo siku hizi, ninyamaze. Wiki ijayo nimeitwa tena kwenye usaili wa vitendo sehemu nyingine na sijui kama niende. Tangu siku ile simu ya mezani ikilia kazini nashtuka, mikono inatetemeka. Je, ule ulikuwa usaili wa haki? Au ni mimi nisiyetaka kukubali kwamba nimeshindwa?"*

Marahaba, binti yangu. Nimelipenda swali lako la mwisho, maana wengi wanaoniandikia hawafiki hapo. Huuliza tu kama walionewa. Wewe umejiuliza pia kama uchungu wa kukosa ndio unaokuonyesha uonevu. Nikisoma maelezo yako naona yote mawili yamo, yamechanganyika kama mchele na chuya, na kabla hujaamua ulalamike au unyamaze inabidi tupepete.

Nimehesabu malalamiko matano: ufupi wa zoezi, lugha, kibodi na kicheko, habari zilizovuja, na ule ujumbe mkavu. Hayana uzito sawa. Lile uliloliwekea alama ya mshangao, dakika kumi na mbili, kwangu si kubwa kama unavyodhani. Lile ulilolitaja kwa kupita, lugha, ndilo ningelishikilia kwa mikono miwili.

Tuanze na miaka yako minne, na hapa nitakuudhi kidogo. Mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walizipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu mbinu za kuchagua wafanyakazi. Kipimo chao kinaitwa uwiano: sifuri maana yake mbinu haikuambii lolote kuhusu mtu atakavyofanya kazi, moja maana yake inakuambia kila kitu. Hakuna mbinu iliyofika hata nusu. Mahojiano yaliyopangwa, kila mtu akiulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, yalipata 0.42. Zoezi la vitendo lilipata 0.33. Mahojiano ya kupiga soga, ambayo ndiyo mengi tunayoyajua, 0.19. Na idadi ya miaka ya uzoefu? 0.07.

Haina maana kwamba uzoefu wako ni bure. Maana yake ni kwamba ukihesabu miaka tu hujui mtu alifanya nini ndani yake. Wapo waliokaa kazini miaka kumi wakarudia mwaka mmoja mara kumi, na wapo waliojifunza kila siku. Wasifu wako ulioandikwa "miaka minne" hauwezi kumwonyesha msaili wewe uko kundi lipi. Zoezi la vitendo linakupa mlango wa kuonyesha, na kwa kweli ndiyo sababu watu wasio na jina kubwa la chuo wala mjomba ofisini wanapaswa kulipenda.

Nikiwa hapo hapo nikuonye. Utakutana na maofisa rasilimali watu wanaosema usaili wa vitendo ndiyo mbinu bora kuliko zote duniani. Wamesoma takwimu ya mwaka 1998 ya watafiti Schmidt na Hunter, iliyoupa 0.54. Mwaka 2005 Roth, Bobko na McFarland waliihesabu upya wakashuka hadi hiyo 0.33. Ni mbinu nzuri. Si mizani ya dhahabu.

Sasa dakika kumi na mbili. Umewahi kumwona mnunuzi wa mchele akichoma gunia kwa bambo? Kile chuma chenye ncha na mfereji ndani: anadunga, anachomoa, punje chache zinamwagika kiganjani, anazitazama, anaamua bei ya gunia zima. Hakuna muuzaji anayelia kwamba kilo mia zimehukumiwa kwa punje hamsini. Wanachogombania ni pengine: umedunga wapi, na umedunga mara ngapi? Muuzaji mjanja huweka mchele mzuri juu na chenga chini. Mnunuzi mwenye akili hudunga juu, katikati na chini.

Usaili wa vitendo ni bambo. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Wernimont na Campbell, walitenganisha vitu viwili ambavyo waajiri walikuwa wakivichanganya: dalili na sampuli. Shahada, miaka ya kazi, majibu ya dodoso la tabia, hizo ni dalili, kama mawingu kwa mvua. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye mbele yako ni sampuli. Hoja yao ilikuwa kwamba ukitaka kujua mtu atafanyaje kazi, mtazame akifanya kitu kinachofanana nayo kadiri inavyowezekana. Urefu haukuwa hoja.

Ufupi unakuwa tatizo pale mdungo ukiwa mmoja tu. Mwaka 1982 Sackett na Dreher waliangalia alama za watu waliopitia mazoezi kadhaa ya kuigiza kazi za uongozi. Wasahihishaji walikuwa wanatoa alama za sifa: uongozi, mawasiliano, kupanga kazi. Ungetegemea mwenye uongozi katika zoezi la kwanza auonyeshe na katika la tatu. Haikuwa hivyo. Alama ziliambatana na zoezi kuliko sifa. Aliyefanya vizuri zoezi fulani alipata alama nzuri za kila kitu katika zoezi hilo, kisha akayumba katika lingine. Tafiti nyingi baada ya hapo zimekuta jambo lilelile. Kwa hiyo yeyote aliyekutazama ukizungumza na mteja mmoja mkorofi anaweza kusema ulivyozungumza na mteja mkorofi wa aina ile, siku ile. Akiandika kwamba "huna ustahimilivu," amevuka mpaka wa alichokiona.

Dawa inajulikana, na walioitumia vizuri ni watu wa afya. Kama una ndugu muuguzi au daktari, muulize kuhusu OSCE, ule mtihani wa vituo wanaouita "oski". Aliuanzisha Ronald Harden kule Dundee, Scotland. Aliuandika mwaka 1975. Mwanafunzi anazunguka kituo hadi kituo, kila kimoja dakika chache, kila kimoja na msahihishaji wake. Baadaye chuo kikuu cha McMaster nchini Kanada kikachukua wazo hilo kuchagua wanafunzi wa udaktari: badala ya mahojiano marefu ya jopo moja, vituo takriban kumi vya dakika nane nane. Dakika nane ni chache kuliko zako kumi na mbili! Lakini ni midungo kumi, mikono kumi, macho kumi. Ukiteleza kituo cha tatu, unaliacha kosa lako palepale na kuanza upya cha nne. Msahihishaji wa cha tatu akiwa hakupendi sura, ni mmoja kati ya kumi.

Wewe ulidungwa mara moja, au tuseme moja na nusu, tukizihesabu barua pepe. Hilo ni udhaifu halali wa kuulalamikia. Ni udhaifu wa kupima vibaya, uliowagusa wote ishirini kwa kiasi sawa. Ningependa uuite hivyo, usiuite uonevu dhidi yako.

Ufupi pia una wema wake, na niseme hapa maana naona vijana wanaibiwa. Kuna kinachojiita usaili wa vitendo ambapo mwombaji anaambiwa akachore nembo kamili, aandike mpango wa masoko wa kurasa ishirini, au akae dukani siku tatu "tukuone". Hiyo ni kazi, na kazi ina malipo. Zoezi la kweli huwa fupi, huwa na majibu ambayo mwajiri tayari anayo, na halimwachii mwajiri kitu cha kuuza.

Twende kwenye lugha. Mwaka 1993 mtafiti Stephen Gilliland aliandika kanuni kumi ambazo watu huzitumia, wajue wasijue, kuamua kama usaili ulikuwa wa haki. Sitakuorodheshea zote. Mbili za mwanzo ndizo zenye nguvu kuliko nyingine: je, nilichofanyishwa kinahusiana na kazi? Na je, nilipata nafasi ya kuonyesha ninachokiweza? Lugha inazigusa zote mbili kwa mpigo.

Kama kazi uliyoomba ni ya kupokea simu za wateja wa nje ya nchi, mteja anayefoka kwa Kiingereza ni sehemu ya kazi, na kukupima kwa Kiswahili kungekuwa kukudanganya. Lakini kama wateja wa kampuni ile ni kama wako, basi zoezi lilipima kitu ambacho kazi haikihitaji sana, na kibaya zaidi, kikafunika kile inachokihitaji. Mtu anayetafuta msamiati kichwani hana nafasi ya kumsikiliza mteja. Utamwona ni mzito, mwoga, asiye na huruma. Mpe Kiswahili, utashangaa ni mtu mwingine. Msailiwa mwenzako aliyesoma shule ya Kiingereza toka chekechea atapata alama za "kumtuliza mteja" ambazo kwa sehemu ni alama za ada ya shule.

Sijui wateja wa kampuni ile wanaongea nini, na huenda nawe hujui. Rudi ukasome tangazo la kazi. Kama liliandika Kiingereza fasaha, hoja yako inapungua sana. Kama halikutaja, una swali zuri la kuwauliza.

Kibodi na kicheko nitavitenganisha. Kibodi iliyokwama ni hitilafu ambayo msimamizi mzuri anairekebisha papo hapo: anasimamisha saa, anakuhamisha. Ulimwambia mtu? Hujaandika kwamba ulimwambia, na nahofia ulinyamaza kwa adabu. Adabu hiyo ilikugharimu.

Kicheko kina historia ndefu zaidi. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutengeneza zoezi la kuigiza kazi alikuwa mwanasaikolojia Hugo Münsterberg wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alitaka kuchagua madereva wa tramu, yale magari ya abiria yanayopita kwenye reli katikati ya mitaa, ambao hawatagonga watu mitaani. Mtu angedhani atatengeneza tramu ndogo na barabara ya mfano. Alikataa. Alisema kifaa cha mfano kinachofanana na kitu halisi hakileti hali ya akili ya kitu halisi. Akatengeneza kifaa ambacho kidirisha kinapita juu ya kadi zenye namba na alama, na mtu anatafuta kwa haraka zile sehemu ambapo kitu kinachotembea kingekutana na njia ya tramu. Kwa macho hakifanani na tramu hata kidogo. Lakini madereva wenye uzoefu waliojaribu walimwambia kichwa kinafanya kazi kama kinavyofanya barabarani.

Nakusimulia hayo kwa sababu igizo linafaa kutolea hukumu pale tu linapoibua akili ileile ya kazini. Mwigizaji akicheka, ile akili inakatika. Ghafla huna mteja aliyepotelewa na mzigo. Una watu wawili wanaokutazama na kukucheka. Kuanzia sekunde ile walikuwa wanapima jinsi unavyovumilia kudharauliwa, ambacho ni kitu kingine. Yawezekana kicheko hakikukuhusu. Haijalishi. Kuheshimiwa na wasimamizi ni mojawapo ya zile kanuni kumi, na hii imevunjwa bila ubishi.

Habari zilizovuja: hapa nina dhambi yangu ya kuungama. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa usaili wa vitendo wa wahudumu wa mapokezi wa taasisi moja. Nilihangaika na kuvuja kwa maswali, nikawatenga waliomaliza na wanaosubiri kama wagonjwa wa kipindupindu. Nikajiona nimemaliza kazi. Jioni nilipozipanga alama kwa saa badala ya majina, nikaona ngazi: asubuhi chini, mchana juu, jioni juu zaidi. Hakukuwa na uvujaji wowote. Mwigizaji wetu wa "mgeni mkorofi" asubuhi alikuwa simba, baada ya wali wa mchana akawa paka, na kufika saa kumi alikuwa mpole kama bibi harusi. Wasailiwa wa jioni walikuwa wanamtuliza mtu aliyekwisha tulia. Ilibidi tuwaite upya wa asubuhi. Watatu hawakurudi, na siwalaumu.

Basi ukiniuliza kuhusu zamu yako ya pili, nitakujibu kwamba kusikia kisa mapema kunasaidia, hasa kwenye barua pepe, ambapo mtu anaweza kuja na jibu kichwani. Kwenye simu kunasaidia kidogo tu: kujua kwamba mteja amepotelewa na mzigo hakukufundishi sauti ya kumtuliza. Ningeogopa zaidi mwigizaji aliyechoka, na wasahihishaji waliochoka pamoja naye. Kampuni makini huandaa visa viwili vitatu vyenye ugumu ulinganao na kuvizungusha, na mwigizaji wake ana karatasi inayosema afoke hadi lini na alegee akisikia nini.

Limebaki lile la ujumbe mfupi. Ninyi wasailiwa huwa mnalichukulia kama adabu tu, na waajiri wanalichukulia hivyo hivyo, nao wanakosea. Mwaka 2002 Donald Truxillo na wenzake walifanya utafiti kwa waombaji wa kazi ya polisi nchini Marekani. Baadhi walipewa maelezo mafupi ya jinsi mtihani unavyohusiana na kazi na kwa nini unatumika, wengine hawakupewa. Waliopewa waliuona mtihani kuwa wa haki zaidi siku ya kuufanya, na tena baada ya kama mwezi mmoja walipopata majibu. Mtihani ulikuwa uleule. Aya chache za maelezo, ambazo hazimgharimu mwajiri shilingi. Wewe hukuambiwa kwamba kutakuwa na vitendo, hukuambiwa vinapima nini, hukuambiwa ulikosea wapi. Nafsi isipopewa maelezo huyatunga yenyewe, na huyatunga usiku.

Ila hapa inabidi nikuelekeze kioo na wewe. Kitu kimojawapo kinachojirudia mno katika tafiti za hisia za wasailiwa ni kwamba waliofaulu huona usaili ulikuwa wa haki na walioshindwa huona haukuwa. Uleule. Jiulize: ungepata kazi, ungeniandikia kuhusu kibodi? Kuhusu kicheko? Nadhani ungesimulia kicheko kama kichekesho nyumbani, mkala pilau. Kasoro ingekuwepo vilevile, nawe usingeiona. Na yule aliyepata nafasi ile pengine leo anasema ulikuwa usaili bora kuwahi kuufanya. Ushuhuda wake hauna thamani zaidi ya wako.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nahisi umeanza kuuchukia usaili wa vitendo kwa ujumla. Mwaka 2010 Anderson, Salgado na Hülsheger walikusanya tafiti kutoka nchi 17 kuhusu mbinu zipi watu wanazipenda. Zoezi la vitendo na mahojiano vilikaa juu kila mahali. Chini kabisa, pamoja na kusoma mwandiko wa mtu, kulikaa kupata kazi kwa kujuana. Mbadala wa dakika zako kumi na mbili, katika mji wetu huu, mara nyingi ni huo wa mwisho. Ukiukataa usaili wa vitendo, angalia unafungulia mlango kitu gani.

Je, ulalamike? Kama kulalamika ni kudai kazi, sioni njia. Hakuna aliyekuahidi, na kasoro ulizozitaja hazithibitishi kwamba ungeshinda. Kama kulalamika ni kuomba maelezo, fanya leo. Andika barua pepe fupi, ya adabu, isiyo na neno "uonevu": unashukuru kwa nafasi, unaomba kujua zoezi lilipima vigezo gani na wewe ulipungukiwa wapi, na unawajulisha kwamba kibodi ya kompyuta yako ilikuwa na hitilafu na kwamba tangazo halikutaja lugha ya usaili, kama kweli halikutaja. Wengi hawatajibu. Baadhi hujibu, na mara nyingine barua kama hiyo hukumbukwa nafasi ikitokea tena. Kama simu ile ilirekodiwa, jua pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuomba kujua taarifa zako wanazozihifadhi.

Kuna mahali ambapo barua haitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na kwa ajili ya kifungu hicho mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mwajiriwa. Kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri, vyote vimo. Lugha haimo katika orodha hiyo, na mwajiri anaruhusiwa kutofautisha watu kwa kitu ambacho kazi yenyewe inakidai. Jirani zetu Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda anayetafuta kazi, na lugha imetajwa waziwazi. Kwa sheria yetu basi, katika maelezo yako sioni kesi. Lakini kama kuna ulichokiacha, kama mtu alikuuliza una mimba au unatarajia kuolewa, kama una tatizo la macho au mkono na ukanyimwa muda wa ziada ulioomba, usiniandikie mimi. Nenda ana kwa ana kwa mwanasheria au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikae na jambo hilo kifuani, kwa sababu muda wa kulipeleka una ukomo na unahesabiwa kwa siku. Na akitokea wa kukuomba fedha au mwili ili "zoezi lako lipite", mlango ni TAKUKURU.

Mikono inayotetemeka naichukulia kwa uzito. Wiki chache za kushtuka baada ya kuaibika mbele ya watu ni kitu cha kawaida, na kwa wengi hupungua chenyewe kadiri simu za kawaida zinavyolia na kupokelewa bila balaa. Ila wewe unaishi kwa simu. Ikifika mwezi wa pili bado mkono unacheza, au umeanza kuwaachia wenzako wapokee, au usingizi umekatika, mwone mshauri nasaha au daktari, umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Nikiwa huku kwenye maandishi siwezi kukutazama usoni, na hilo linahitaji mtu anayekutazama.

Kuhusu wiki ijayo: nenda. Lakini kwanza piga simu, ukiwa na kalamu. Uliza mambo matatu tu: zoezi litakuwa la aina gani, litafanyika kwa lugha gani, na litachukua muda gani. Hakuna mwajiri wa maana atakayekuona msumbufu, na ukipata majibu ya wazi umeshajua kitu kuhusu watu utakaowafanyia kazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwombe ndugu yako mmoja akupigie akufokee, mara tatu nne, kwa lugha uliyoambiwa. Mpe ruhusa atie chumvi. Utacheka mara ya kwanza. Mara ya nne utakuwa unamtuliza kweli. Katika zoezi, simu ikilia, acha barua pepe ilipofikia na useme kwa sauti unachofanya, "naandika namba ya mzigo wako, naomba unisubiri kidogo," kwa sababu msahihishaji hawezi kukupa alama ya kitu kilichobaki kichwani mwako.

Ukikaa kwenye kiti, gusa kila herufi ya ile kibodi kabla hawajaanza kuhesabu muda. Ikikwama moja, nyoosha mkono.